Diski iliyopigwa na radi Tukuyu: uchambuzi wa kisa kimoja cha kuokoa data

Kompyuta ilikuwa ya mezani, kwenye ofisi ya chama cha ushirika cha wakulima wa chai nje kidogo ya Tukuyu, wilayani Rungwe, Tanzania. Ndani yake mlikuwa na hesabu zote za msimu: kilo za majani mabichi za kila mkulima kwa kila siku ya kupima, makato ya mbolea, namba za simu na za akaunti za benki za wanachama, pamoja na barua za miaka kadhaa. Nakala ya pembeni ilikuwa moja tu, kwenye fleshi, na fleshi hiyo ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta hiyohiyo siku ya radi. Ziliungua pamoja.

Rungwe ni kati ya sehemu zinazonyeshewa sana nchini, na masika huja na radi. Siku hiyo radi haikupiga jengo. Ilipiga jirani na laini ya umeme, msukumo ukaja na waya na kuipita stabilaiza kana kwamba haipo. Stabilaiza hutengenezwa kwa ajili ya umeme unaopanda na kushuka taratibu. Msukumo wa radi huwa umeshapita kabla relei yake haijashtuka. Pawa saplai ilipasuka kapasita na mazabodi ikanuka moshi. Pawa saplai ikifa namna hii, kwa kitambo kifupi sana huweza kutoa volti kubwa kuliko zile 12 na 5 inazopaswa kutoa, na volti hizo huishia kwenye kila kilichounganishwa nayo. Diski ni mojawapo.

Ilikuwa diski ya SATA ya inchi 3.5, GB 500. Ilitolewa ikapachikwa kwenye kompyuta nyingine nzima, na kompyuta hiyo ikakataa kuwaka kabisa: feni ilicheza mara moja ikasimama. Ikajaribiwa kwenye kompyuta ya pili, yakawa yaleyale. Hukumu ikatoka kwamba diski imekufa, data zimekwenda.

Hukumu hiyo ilitokana na kuisoma dalili kinyume. Diski iliyokufa mota, vichwa au chipu kwa kawaida haizuii kompyuta kuwaka. Itakaa kimya, au itagonga, au haitaonekana kwenye orodha. Inayozuia kompyuta nzima kuwaka ni diski yenye shoti kwenye njia ya umeme, kwa sababu pawa saplai ikihisi shoti hujizima ili isiungue. Na chanzo cha shoti hiyo, mara nyingi, ni kifaa kilichowekwa makusudi kife kwanza.

Kwenye bodi ya kijani iliyo chini ya diski, karibu na soketi ya umeme, huwa kuna dayodi mbili za kinga, moja kwa njia ya volti 12 na nyingine kwa njia ya volti 5. Kazi yake ni kumeza volti iliyozidi na kuitupa kwenye ardhi ya saketi. Volti ikizidi sana, dayodi huungua ikabaki imefunga njia, yaani shoti. Vilivyo nyuma yake, chipu ya kuendesha mota na chipu kuu, mara nyingi hubaki vizima. Ndiyo maana diski iliyopigwa na umeme ina matumaini makubwa kuliko diski iliyoanguka, na inauma kuona ngapi zinatupwa.

Kabla ya kufika kwa fundi mwenye uzoefu jijini Mbeya, wenye ofisi walishashauriwa kwa mdomo tiba tatu za diski hii. Ya kwanza ilikuwa kuiweka kwenye friza usiku kucha. Kwa hali ya hewa ya Tukuyu, chuma kikitoka kwenye friza hulowa jasho la umande ndani na nje, maana diski hizi zina tundu la kupumulia. Kuzungusha sahani zenye unyevu ni kuziharibu. Ya pili, kufungua kifuniko na "kuangalia ndani". Kichwa cha diski huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, wakati chembe ya vumbi la kawaida ni kubwa kuliko hapo mara nyingi sana. Kifuniko hakifunguliwi kwenye karakana ya mtaani, hata iwe safi vipi. Ya tatu ilikuwa na akili zaidi: kununua diski ya aina ileile na kuhamisha bodi yake. Hiyo nayo ingegoma, kwa sababu itakayoelezwa mbele kidogo. Wenye ofisi hawakufanya hata moja kati ya hizo tatu, na hilo liliokoa kazi yao kuliko ufundi wowote uliofuata.

Safari ya kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni kama kilomita 70. Diski ilifungwa kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, ikazungushiwa sponji ya godoro unene wa sentimita 5 pande zote, ikawekwa kwenye boksi, na boksi likapakatwa. Buti la Coaster si mahali pa diski.

Kupima kabla ya kuwasha

Diski haikuunganishwa na umeme wowote hadi ilipopimwa kwa mita. Soketi ya umeme ya SATA ina pini 15. Ukihesabu kuanzia upande uliokaribiana na soketi ya data, pini 7 hadi 9 ni volti 5, pini 13 hadi 15, zile za ukingoni kabisa, ni volti 12, na pini 4, 5, 6, 10 na 12 ni ardhi. Mita iliwekwa kwenye omu. Kati ya volti 5 na ardhi namba ilipanda taratibu hadi maelfu ya omu, jinsi inavyotakiwa. Kati ya volti 12 na ardhi ilisoma omu 0.4, na mita hiyohiyo ikigusanishwa ncha zake zenyewe ilisoma 0.3. Hiyo ni shoti kamili.

Bodi ilifunguliwa kwa bisibisi ya nyota namba T8. Diski nyingine hutumia T6, na kulazimisha isiyolingana huharibu vichwa vya skrubu. Inafaa bodi itoke kwenye diski kabla ya kutia moto, ili joto lisifike kwenye diski yenyewe. Dayodi ya volti 12 ilipimwa kwa alama ya dayodi ya mita na kusoma sifuri pande zote mbili. Dayodi nzima husoma kama nusu volti upande mmoja, na upande wa pili hufunga. Kwa macho ilikuwa na kijidoa kama cha sindano katikati ya mgongo, kilichoonekana kwa lenzi tu. Nyingi hazionyeshi alama yoyote, hivyo macho yasipewe neno la mwisho.

Vipande vya jirani vilifunikwa kwa tepu ya kuhimili joto, fundi akapuliza bloa kwenye nyuzi 350, na dayodi ikanyanyuliwa kwa kibano risasi ilipoyeyuka pande zote mbili. Wasio na bloa huikata kwa koleo ndogo, lakini mkono ukiteleza pedi hung'oka pamoja na njia ya shaba, na hapo kazi inaongezeka. Baada ya kuitoa, njia ya volti 12 ilisoma maelfu ya omu. Shoti ilikuwa imeondoka.

Kama ingebaki, maana yake ni kwamba chipu ya mota au chipu kuu imeungua, na hapo ndipo bodi nyingine huhitajika. Bodi hiyo lazima ilingane namba iliyochapwa juu yake, si jina la diski peke yake. Na bado haitafanya kazi ikipachikwa hivyohivyo. Kiwandani kila diski hupimwa vichwa vyake kimojakimoja, na vipimo hivyo huandikwa kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu ya miguu minane iliyoko kwenye bodi. Bodi ngeni ina vipimo vya vichwa vya diski ngeni. Chipu hiyo lazima ihamishwe kutoka bodi ya zamani kwenda mpya. Na kama haipo peke yake, ujue vipimo viko ndani ya chipu kuu, jambo linalohitaji vifaa maalumu. Kwa hiyo bodi ya zamani haitupwi kamwe, hata ikiwa nyeusi tii.

Bodi ilipogeuzwa lilionekana jambo ambalo mita isingelionyesha. Upande wa ndani kuna vidoti vya shaba vinavyogusana na spring'i ndogo zinazoleta ishara za vichwa. Vidoti hivi vilikuwa vimeota weusi. Ni kutu ya unyevu, huonekana sana kwenye mashine za maeneo yenye ukungu, na peke yake inatosha kuifanya diski isome vibaya au igonge. Vilisuguliwa kwa kifutio cha penseli hadi viking'aa rangi ya shaba, vikapanguswa kwa pamba yenye spiriti safi ya kusafishia vifaa vya elektroniki, vikaachwa kukauka. Sandpepa haitumiki hapa, inakula shaba. Mbeya wakati wa kipupwe, hewa ikiwa baridi na kavu na kila mtu kavaa sweta, anayeshika bodi aguse kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi, ili umeme tuli umtoke.

Dayodi mpya haikurudishwa. Diski huenda vizuri bila dayodi ya kinga, ila haina tena wa kuikinga, kwa hiyo lengo likawa kuiwasha kwa ajili ya kunakili tu. Pawa saplai ya kazi hiyo ilipimwa kabla: 12.1 na 5.05. Kiwango kinachokubalika ni 11.4 hadi 12.6 na 4.75 hadi 5.25, nje ya hapo tafuta nyingine.

Mara ya kwanza diski iliwashwa peke yake, bila kompyuta, kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi wa pawa saplai, sikio likiwa karibu. Mota ilipanda taratibu, vichwa vikatoa mlio mmoja mfupi wa kujipanga, halafu mvumo wa kawaida. Kama ingegonga kwa mpigo, taka-taka-taka, umeme ungekatwa hapohapo, kwani kila mlio wa kugonga ni kichwa kinachotafuta njia bila kuiona, na huenda kinakwaruza sahani. Urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari hauna neno. Diski nyingi za aina hii huruhusiwa kufanya kazi hadi karibu mita 3,000, na jiji la Mbeya lipo kwenye kama mita 1,700.

Kunakili kwanza, kufungua baadaye

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Diski inazunguka, kila mtu anafurahi, inachomekwa kwenye Windows ili faili zikokotwe. Windows ikiona hitilafu hutaka kuirekebisha kwa CHKDSK, au husema diski ifomatiwe kwanza. CHKDSK hutengeneza mfumo wa faili uwe safi, hata kama usafi huo unapatikana kwa kufuta majina ya faili isizoweza kuzisoma. Kwenye diski mgonjwa huandika juu ya ushahidi.

Kompyuta iliwashwa kwa fleshi ya SystemRescue, ambayo ni Linux yenye zana zote zilizohitajika na haifungui diski yenyewe. Diski iliunganishwa moja kwa moja kwenye mazabodi kwa kebo ya SATA. Adapta za USB za bei nafuu hujikata diski ikichelewa kujibu, na kwa diski za inchi 3.5 nyingi hazina umeme wa volti 12 wa kutosha. Amri ya kwanza, ya kusoma afya ya diski, ilikuwa `smartctl -a /dev/sda`. Namba 5, sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zilizohamishwa, ilisoma 0. Namba 197, sekta zinazosubiri kuamuliwa, ilisoma 24. Hiyo 24 isichukuliwe kuwa idadi yote ya sekta mbovu. Diski huhesabu tu zile ilizokwishajikwaa nazo.

Diski ya kupokea ilikuwa mpya, ya TB 1, yenye mfumo wa ext4. FAT32 haifai, haibebi faili linalozidi GB 4. Kabla ya kubonyeza chochote, namba za utambulisho (serial) za diski zote mbili zilisomwa kwenye lebo na kulinganishwa na zilizo kwenye skrini. Kugeuza chanzo na lengo ni kosa lisilo na dawa. Kisha ikaja programu ya kunakili, ddrescue:

`ddrescue -d -n /dev/sda /mnt/lengo/kisa.img /mnt/lengo/kisa.map`

`-d` huifanya isome diski moja kwa moja bila kupitia hifadhi ya muda ya mfumo. `-n` huiambia isihangaike na sehemu ngumu: ichukue kwanza vyote vilivyo rahisi. Faili la `.map` ni kumbukumbu ya kila eneo, lipi limesomwa na lipi bado. Umeme ukikatika, amri ileile huendelea pale ilipoishia. Bila hilo faili unaanza moja. Hata hivyo UPS ilikuwepo, kwani kukatika ghafla si jambo la kuitakia diski ya namna hii. Feni ndogo iliielekea diski, na joto halikuachwa lipite nyuzi 45.

Diski nzima ya GB 500 kwa kasi ya MB 90 kwa sekunde ni kama saa moja na nusu. Hii ilichukua karibu saa nne. Sehemu kubwa ilikwenda vizuri, lakini kulikuwa na eneo ambapo kasi ilishuka hadi kilobaiti chache, na programu ikaliruka. Raundi ya pili iliondoa `-n` na kuongeza `-r3`, majaribio matatu kwa kila sekta iliyogoma. Mwisho zilibaki sekta 136, yaani baiti 69,632 kati ya bilioni 500. Kwa jinsi zilivyokaa kwenye makundi, inaelekea diski ilikuwa ikiandika wakati umeme ulipokatika, na sekta zikaachwa nusu. Diski ilizimwa. Kuanzia hapo haikuguswa tena. Kazi yote ilifanyika kwenye nakala ya nakala, iliyoitwa `kazi.img`, na ramani yake `kazi.map`.

Sekta 136 ziko kwenye faili zipi?

Baiti elfu sabini zinaonekana si kitu, mpaka zitue kwenye daftari la malipo. Swali ni zimetua wapi, na kuna njia nzuri ya kulijibu ambayo wengi hawaitumii. Sekta zisizosomeka hujazwa neno la alama, kisha neno hilo hutafutwa ndani ya faili:

`printf "SEKTAMBOVU " > alama.txt`
`ddrescue --fill-mode=- alama.txt kazi.img kazi.map`

Mpangilio wa hatua ni muhimu. Sekta mojawapo iliyopotea ilikuwa ya kwanza kabisa ya patisheni, ile inayoueleza mfumo wa NTFS, na bila hiyo patisheni haifunguki. NTFS huweka nakala ya sekta hiyo mwishoni mwa patisheni. TestDisk huirudisha: `testdisk kazi.img`, kisha Advanced, Boot, halafu Backup BS, baada ya kuthibitisha kwamba inaandika nakala ni nzima. Ukirekebisha kwanza ndipo ujaze alama, alama itafuta marekebisho, maana kwenye ramani sekta hiyo bado imeandikwa mbovu. Alama kwanza, TestDisk baadaye.

Patisheni ilifunguliwa kwa kusoma tu:

`losetup -rfP kazi.img`
`mount -t ntfs-3g -o ro /dev/loop0p2 /mnt/kisa`
`grep -rl SEKTAMBOVU /mnt/kisa`

Faili tano zilijitokeza. Tatu zilikuwa za Windows yenyewe, hazina thamani. Moja ilikuwa picha ya mkutano mkuu. Ya tano ilikuwa Excel ya kilo za mwezi ule ule wa radi. Folda na majina yote yalikuwa mahali pake, faida ambayo isingepatikana kwa PhotoRec. Hiyo huchota faili kwa kuzitambua umbo na kuzirudisha bila majina, na ni ya kukimbilia pale tu mfumo wa faili umevurugika kabisa.

Faili la `.xlsx` ni kifurushi cha ZIP chenye faili ndogondogo ndani. Likivunjika sehemu, Excel hulikataa lote. Lilifunguliwa kama ZIP, na `sharedStrings.xml`, lenye majina ya wakulima, lilikutwa zima. Alama ilikuwa kwenye `sheet1.xml`, mbele ya katikati. Data iliyobanwa husomeka hadi pale ilipokatika, na baada ya hapo haina maana tena, kwa hiyo safu za mwanzo zilitoka zote na za mwisho zikapotea. Ilitafutwa pia folda ya `AppData\Roaming\Microsoft\Excel`, ambako Excel huweka matoleo ya kujihifadhi. Palikuwa na toleo la siku tatu kabla ya radi. Likajazia sehemu kubwa ya pengo.

Zilibaki siku tatu za kupima, na kwa hizo karatasi ndiyo iliyotegemewa. Kila mkulima hupewa stakabadhi ya kilo, na kitabu hubaki na kivuli chake. Vivuli viliingizwa upya, kisha jumla ya kila siku ikalinganishwa na hati za mzigo uliopokelewa kiwandani. Miezi ya nyuma nayo ililinganishwa vivyo hivyo, kwani faili kufunguka si ushahidi kwamba namba zake ni sahihi. Siku moja ilitofautiana kwa kilo 14. Kivuli kilionyesha kwamba mkulima mmoja alikuwa ameandikwa mara mbili, kosa la tangu kabla ya radi.

Njia hii yote inafaa kwa diski ya sahani isiyofungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows. Kwenye laptopu nyingi mpya BitLocker imewashwa tangu mwanzo, na bila ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48 nakala kamili ya diski ni takataka tu. Ufunguo huo utafutwe kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine kabla ya kuanza kuchomelea chochote.

Ofisi ilikabidhiwa faili kwenye diski mpya mbili, na ya pili hukaa nyumbani kwa mweka hazina. Diski ya zamani ilibandikwa lebo yenye namba yake ya utambulisho na maneno "haina kinga, isiwashwe", ikafungiwa kabatini hadi hesabu za msimu zikaguliwe. Nakala zilizobaki kwa fundi zilifutwa kwa `shred` baada ya mwenyekiti na mweka hazina kusaini kwamba wamepokea kila kitu, kwa kuwa ndani mlikuwa na akaunti za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimruhusu fundi kukaa nazo kazi ikishaisha.